Amani ya Mkono na Amani ya Moyo
Funzo kutoka kwa maisha ya Koitalel arap Samoei

Maandiko ya kusoma: 2 Samueli 20:8–10, Mathayo 5:23–24, Luka 19:1–10



Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja alinisimamisha pale mlangoni akaniuliza swali. Alitaka kujua kama wanadamu watawahi kupata amani ya kudumu, ama sisi tunafunga na kuomba kila uchaguzi ukikaribia, halafu tunarudi pale pale. Nilimjibu haraka haraka kwamba amani itakuja Bwana akirudi. Jibu hilo ni la kweli, na ninaliamini. Lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba nilimkimbia. Kijana yule alikuwa anauliza habari za hapa, Uasin Gishu, sisi na majirani zetu.

Leo nimepewa kurasa hizi nimjibu vizuri. Nitamjibu kwa maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana na kila mtu wa pande hizi, Koitalel arap Samoei. Halafu nitawaambia jambo langu mwenyewe, ambalo wengi wenu hamlijui.

Niseme mapema: Koitalel hakuwa Mkristo. Alikuwa Orkoiyot, na mambo ya kupiga ramli na mizimu hatuyafuati sisi tuliookolewa. Simleti hapa ili mtu amtukuze. Lakini Biblia yenyewe inatusimulia habari za Sauli, za Yoabu na za wafalme wa mataifa, ili tujifunze. Hata kwa Koitalel kuna la kujifunza.

MWANA WA KIMNYOLE

Koitalel alizaliwa karibu mwaka 1860, huko Aldai katika nchi ya Wanandi. Baba yake alikuwa Kimnyole arap Turukat, Orkoiyot wa Wanandi, wa ukoo wa Talai. Kwa vijana wasiojua, Orkoiyot hakuwa mfalme wala chifu. Alikuwa mtu ambaye watu walimwendea wakitaka kujua habari za mvua, za kupanda, na za vita. Vijana wa kivita hawakutoka kwenda kuteka ng'ombe mpaka yeye akubali, na wakirudi na mifugo yeye alipata fungu lake.

Nyanya yangu alikuwa anatusimulia haya jioni, tukiwa tumezunguka moto tukingoja chakula. Alisema Kimnyole alitabiri kwamba watakuja wageni weupe, na pamoja nao nyoka mkubwa anayetema moto na moshi, akitoka upande wa mashariki kwenda kunywa maji ziwani. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na ikafika Kisumu mwaka 1901, watu wakasema nyoka mwenyewe ndiye huyo.

Kimnyole hakufa kitandani. Mwaka 1890 Wanandi wenyewe walimpiga kwa rungu mpaka akafa. Walimlaumu kwa taabu zilizokuwa zimeipata nchi, na kwa vijana wengi walioangamia katika vita ambavyo walisema yeye ndiye aliyeviruhusu. Nataka tulikumbuke hili. Kabla Koitalel hajapigana na Mzungu yeyote, baba yake alikuwa ameshauawa na watu wa nyumbani. Baada ya hapo watu wakagawanyika, wengine wakimtaka Koitalel, wengine wakimtaka ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen. Mwishowe Kipchomber akaenda upande wa Wakipsigis, na Koitalel akawa Orkoiyot wa Wanandi, karibu mwaka 1895.

Na tuseme ukweli wote. Wengi wetu tunapenda kusema kwamba kabla ya Wazungu kuja tulikuwa tunaishi kwa amani. Haikuwa hivyo, wapendwa. Jina lenyewe la Uasin Gishu ni la Wamaasai waliolisha mifugo yao katika uwanda huu. Walifukuzwa hapa kwa vita katika karne ya 19, wakipigwa na Wamaasai wenzao na pia na Wanandi. Wanandi walikuwa wanaogopwa. Waliteka ng'ombe wa majirani, na huko walikoteka kulikuwa na akina mama waliolia usiku kucha. Nyanya hakuniambia habari za akina mama hao. Kila kabila lina nyanya, na kila nyanya huwalilia wa kwake.

MIAKA KUMI YA VITA

Mwaka 1895 Mwingereza mmoja mfanyabiashara, Peter West, aliuawa katika nchi ya Wanandi. Waingereza wakatuma jeshi. Walituma tena mwaka 1897, tena 1900, tena 1903. Miaka hiyo yote vita vilikuwa vinawaka, vinazimwa, vinawaka tena.

Sababu ilikuwa nini? Waingereza walitaka njia ya kwenda ziwani na Uganda, na reli yao ikapita ukingoni mwa nchi ya Wanandi. Wanandi hawakuulizwa. Basi walishuka usiku, wakakata nyaya za shaba za simu wakatengenezea mapambo, wakang'oa vyuma vya reli wakafulia silaha. Kwa serikali ule ulikuwa wizi. Kwa Wanandi, mgeni alikuwa ameingia boma bila kubisha hodi, na vitu alivyovileta ni halali yao.

Mara kadhaa walikaa chini wakapatana. Faini za ng'ombe zililipwa. Lakini mapatano hayakukaa, kwa sababu lile jambo lenyewe, nchi ni ya nani, halikuguswa. Kila upande ulikubali kupumzika tu.

Ilipofika mwaka 1905, serikali ya kikoloni ilikuwa inaandaa jeshi kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Wakati huo huko Nandi kulikuwa na kapteni kijana wa miaka 27, Richard Meinertzhagen, wa jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee waliliita Keya. Kapteni huyu alifikia wazo moja: akiondoka Orkoiyot, Wanandi watavunjika moyo na vita vitakwisha. Akatuma ujumbe kwamba anataka wakutane wazungumze habari za amani.

TAREHE 19 OKTOBA 1905

Walikutana Ket Parak, kilima kilicho pande za Nandi Hills. Makubaliano yalikuwa kwamba kila mmoja aje na watu wachache tu. Meinertzhagen alitoka na askari wapatao 80 wenye bunduki, wengi wao akawaficha karibu, akasogea mbele na wachache. Koitalel alikuja na wazee na washauri wake.

Kilichotokea pale kinasimuliwa kwa njia mbili. Kapteni alisema kwamba Wanandi ndio waliopanga kumuua, naye akajitetea. Sisi huku tulilelewa na simulizi nyingine. Tuliambiwa kwamba Koitalel alionywa na wake asimpe Mzungu mkono, kwa sababu akiutoa atajulikana kwamba ndiye mwenyewe. Yeye akautoa. Alipoutoa tu, akapigwa risasi papo hapo. Mambo mawili hayana ubishi: watu waliitwa kwenye amani, na Koitalel hakurudi nyumbani. Wengi aliokuja nao pia waliuawa siku hiyo. Familia yake mpaka leo inasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na bado wanakidai wakizike.

Maswali yakaulizwa hata miongoni mwa Waingereza wenyewe. Kapteni akafanyiwa uchunguzi, na mwaka 1906 akaondolewa Afrika Mashariki. Lakini kazi ilikuwa imeshafanyika. Jeshi kubwa liliingia nchi ya Wanandi, likisaidiwa na wapiganaji wa Kimaasai waliokuwa na kisasi chao cha zamani. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu, na watu wakahamishwa kutoka karibu na reli wakafungiwa katika eneo waliloandikiwa.

Ukifungua 2 Samueli 20 utamkuta Yoabu akikutana na Amasa. Anamwita ndugu, anamuuliza hali yake, anamshika ndevu kwa mkono wa kuume kama anayetaka kumbusu, na mkono wa pili una upanga. Amasa hakujihadhari, kwa sababu mtu anayekusalimu hivyo huwezi kumwogopa. Damu ile haikuisha pale barabarani. Ilimfuata Yoabu mpaka uzee wake, ikamkuta hata alipokuwa ameshika pembe za madhabahu. Soma 1 Wafalme 2. Mungu huhesabu mikono inayotolewa kwa hila.

UKIMYA ULIOITWA AMANI

Baada ya mwaka 1906 bunduki zilinyamaza. Serikali ikasema nchi imetulia. Mwaka 1908 Makaburu wakafika na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakagawiwa mashamba katika uwanda huu, na mji wetu ukaanza kwenye shamba namba 64. Ndiyo maana wazee wengine bado wanauita Sisibo. Mtu aliyepita hapa wakati huo angeona ngano imesimama vizuri, angesema hapa kuna amani.

Lakini ukimya si amani. Ardhi zaidi ilikatwa kutoka kwa Wanandi baada ya vita vya kwanza vya dunia, ikapewa askari wa Kiingereza waliostaafu. Mwaka 1923, Wanandi wakijiandaa kwa sherehe ya rika kukabidhi rika, serikali iliogopa kwamba ni maasi. Ikamkamata Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Mzee huyo alizuiliwa kutoka mwaka 1923 mpaka 1964, miaka 40 na zaidi. Aliingia kizuizini Kenya ikiwa koloni, akatoka ikiwa imepata Uhuru.

Na si sisi peke yetu tuliojidanganya hivyo. Vita vya kwanza vya dunia vilikwisha mwaka 1918, mataifa makubwa yakatia sahihi, yakaunda Shirikisho la Mataifa ili vita visirudi tena. Mwaka 1939 vikarudi, vikubwa kuliko vya kwanza. Nabii Yeremia aliwakemea wale walioponya jeraha la watu juu juu, wakitangaza amani mahali ambapo haipo. Jeraha ukilifunga na uchafu ndani, kitambaa kinakuwa cheupe siku mbili tatu, halafu harufu inakuja.

Yetu ilikuja. Uhuru ulipopatikana, mashamba ya walowezi yaligawanywa na kuuzwa. Watu wa kabila mbalimbali wakanunua, wakajenga, wakazaa. Walionunua walikuwa na hati zao mkononi. Waliokuwa na simulizi za nyanya walikuwa na nyanya zao. Hakuna aliyewaketisha pamoja. Wanasiasa wakaja wakapuliza. Tulipigana mwaka 1992. Uchaguzi wa mwaka 1997 nao ukaja na damu yake. Na baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, mnajua. Watu zaidi ya 1,100 walikufa Kenya nzima. Tarehe 1 Januari 2008, hapa kwetu Kiambaa, watu waliokimbilia ndani ya kanisa, wengi wao akina mama na watoto, walichomwa humo humo. Kanisa la Kipentekoste kama letu. Siwezi kuandika juu ya amani Eldoret nisiandike jina la Kiambaa.

MABATI KUMI NA MANNE

Sasa nije kwangu.

Mimi sikuchoma nyumba ya mtu. Maneno hayo niliyabeba miaka mingi kama ngao. Jirani yangu, wa kabila lingine, alitoka usiku na mke wake na watoto. Walilala kituo cha polisi, kisha wakapelekwa Uwanja wa Maonyesho hapa mjini, wakaishi kwenye hema pamoja na maelfu ya wengine. Vijana waliibomoa nyumba yake kabla ya kuitia moto. Wiki iliyofuata mabati yalikuwa yanauzwa kando ya barabara kwa bei ya bure. Nikanunua kumi na manne. Nilijiambia kwamba nisiponunua mimi, atanunua mwingine.

Wapendwa, niliyajua mabati yale. Yalikuwa na rangi ya kijani. Miaka minne kabla ya hapo nilipanda mwenyewe juu ya nyumba ile, nikamsaidia jirani yangu kuyapigilia misumari, na mama watoto wake akatupikia chai na viazi vitamu. Nilipoyapeleka nyumbani niliezekea zizi la ng'ombe. Na niliyageuza, upande wa rangi ukaangalia chini, ili anayepita barabarani asione kitu. Kijani ilikuwa inaonekana na ng'ombe tu.

Mwaka huo huo wa 2008, viongozi walikuwa wametia sahihi mapatano Nairobi tarehe 28 Februari, na huku mashinani mikutano ya amani ikaitishwa. Kwetu ilifanyika kwenye baraza la chifu. Jirani yangu aliletwa kutoka kambini. Tulipangwa mistari miwili tukapeana mikono, na mimi nilimpa mkono yeye. Halafu, kwa kuwa ninajulikana kama mtu wa kanisa, niliombwa nifunge kwa maombi. Nikaomba. Niliomba kwa sauti na kwa machozi, na watu wakasema amina.

Nilipokuwa mtoto, nyanya akimaliza hadithi ya Ket Parak, nilikuwa ninamchukia yule kapteni mpaka usingizi unakataa. Siku ile ya baraza sikujua kwamba nimesimama pahali pake. Sikuwa na bunduki, lakini nilikuwa na mkono wa amani mbele, na kitu nimekificha nyuma.

FIMBO ZILIZORUDI

Jirani yangu alirudi shambani kwake mwaka 2009, akajenga upya polepole. Tulisalimiana. Mabati yakakaa juu ya ng'ombe wangu.

Mwaka 2014 nilipanda matatu na wenzangu wa ushirika wa wanaume tukaenda Nandi Hills, tukazuru jumba la kumbukumbu la Koitalel. Huko tukasimuliwa habari za fimbo zake. Baada ya kumuua, Meinertzhagen alizichukua fimbo za uongozi za Koitalel, akaenda nazo Uingereza. Zilikaa huko yeye akizeeka, mpaka akafa mwaka 1967. Mwaka 2006 mwanawe alizirudisha, fimbo tatu. Miaka 101 ilikuwa imepita. Mtoto ambaye hakumpiga mtu risasi, ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati ule, alikubali kubeba kitu alichokichukua baba yake akakirudisha kwa wenyewe.

Fimbo tatu hazikumfufua Koitalel. Hazikurudisha hata ekari moja. Lakini wazee walizipokea, na ziko nyumbani. Mimi nilikaa kimya njia yote ya kurudi. Nilifika wakati wa kukamua, nikakaa kwenye kigoda, nikainua macho, na kijani ile ilikuwa inaniangalia.

Usiku huo nilimwambia mke wangu kwamba nataka kuezua zizi. Aliniambia kwamba miaka sita alikuwa anangoja niseme hivyo.

Nilisoma Mathayo 5, pale Bwana anaposema habari za mtu aliyeleta sadaka madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Angalia vizuri: mwenye neno ni yule ndugu, na wa kuondoka ni wewe uliye madhabahuni. Nikasoma habari za Zakayo. Zakayo hakumwambia Yesu kwamba amesikitika tu. Alitaja mali, akataja na kiwango. Bwana alitangaza wokovu katika nyumba ambayo ilikuwa inajiandaa kutoa vitu nje.

Siku iliyofuata nilikodi mkokoteni wa punda. Nikapakia mabati yote kumi na manne, nikamfunga mtamba mmoja nyuma, nikaenda. Ni karibu sana kwake, lakini njia ile ilikuwa ndefu. Nilimwambia kila kitu. Aliyahesabu mabati moja moja. Kisha aliniuliza jambo moja tu, kama siku niliyoyanunua nilijua ni ya nani. Nikamwambia nilijua.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniambia kwamba hata yeye alikuwa anajua. Tangu aliporudi alikuwa anajua. Kona moja ya zizi langu upepo ulikuwa umeinua bati, na mtu akipita barabarani asubuhi, jua likitoka, anaona kijani. Miaka mitano alipita pale. Miaka mitano alinipa mkono akiwa anajua, akingoja nitasema lini.

Aliyapokea mabati. Mtamba alimkataa, nikarudi naye. Baada ya wiki tatu alituma kijana wake akaja kumchukua. Hatukukumbatiana, hatukulia. Sitaki kuwapamba ninyi hadithi.

Lakini mwaka 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, uvumi ulipoanza kuzunguka, alibisha langoni kwangu usiku. Alikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na hati ya shamba lake na vyeti vya shule vya watoto. Aliniomba nimwekee mpaka mambo yapite. Mambo yalipotulia nilimrudishia, nayo bahasha haijafunguliwa. Mwaka 2022 alikuja nayo tena. Wapendwa, nimewahi kupewa heshima nyingi kanisani, nimekaa viti vya mbele. Sijawahi kupewa heshima kama bahasha ile.

JIBU LANGU KWA KIJANA

Basi, je, wanadamu wataweza kupata amani ya kudumu?

Ile amani kamili, ambayo mataifa hayatajifunza vita tena, sisi tunaamini italetwa na Mfalme wa Amani mwenyewe. Sijaona popote katika historia mwanadamu akiileta kwa nguvu zake. Kimnyole aliuawa na watu wake. Koitalel aliuawa na wageni. Waliofanya hivyo walidhani taabu itaisha kwa kumwondoa mtu mmoja, na haikuisha. Shida ya vita haiko kwa mtu mmoja. Iko moyoni, na moyo hubadilishwa na Mungu.

Lakini kijana wangu, usilitumie hilo kama nilivyolitumia mimi pale mlangoni. Kungoja Bwana arudi si ruhusa ya kukaa na mabati ya jirani. Amani tunayoweza kuipata sasa ina masharti, na nimeyaona mawili. La kwanza ni kwamba ukweli usemwe, hata ule unaokuaibisha. La pili ni kwamba kilichochukuliwa kirudi, chote kama inawezekana, na kama haiwezekani basi hata fimbo tatu. Mapatano yasiyo na haya mawili ni baraza tu. Tutapigiwa makofi, tutakunywa soda, na uchaguzi mwingine utatukuta.

Ninajua mambo ya ardhi ni makubwa kuliko zizi langu. Mabati kumi na manne hayajibu maswali ya mwaka 1905, wala ya hati na mipaka na watu ambao bado hawajarudi makwao. Hayo yanahitaji serikali, mahakama, na wazee wa pande zote wakiketi bila kufichana. Tuwaombee, na tuwasukume. Lakini najua pia kwamba hapa kanisani kuna ng'ombe wanaolala chini ya mabati ya watu. Kuna milango, kuna vitanda, kuna cherehani ya mama fulani. Kuna shamba lililonunuliwa kwa bei ya hofu, mwenyewe akiwa kambini. Na kwa upande mwingine kuna mtu anayepita barabarani kila asubuhi, anaona kijani, anangoja.

Usingoje miaka 101 mwanao aje akurudishie. Nenda wewe.

Ikiwa unaogopa kwenda peke yako, njoo uniambie. Mkokoteni ninajua pa kuupata, na nitatembea nawe.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Ulipokuwa mtoto ulisimuliwa habari gani juu ya majirani wa kabila lingine? Ni sehemu gani haikusimuliwa?

2. Yoabu na Zakayo wote wawili walikutana na watu uso kwa uso. Tofauti yao ilikuwa nini?

3. Je, kuna kitu nyumbani kwako ambacho kimegeuzwa upande ili kisijulikane?

TUOMBE

Baba, tunatubu kwa mikono tuliyoitoa moyo ukiwa umefungwa. Tupe ujasiri wa kusema kweli na nguvu ya kurudisha. Wape waliodhulumiwa neema ya kupokea. Uiponye Uasin Gishu, uiponye Kenya, mpaka utakapokuja. Katika jina la Yesu, amina.